Mhariri, hiti milioni mbili sio watu milioni mbili

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Morogoro, zamani nilikuwa nanunua karatasi kwa muuza magazeti wa stendi, sikuhizi nawasoma zaidi kwenye simu maana bando ni rahisi kuliko nauli ya kwenda stendi na kurudi, na sijawahi kuandika barua kwa gazeti lolote ila safari hii nimeshindwa kuvumilia.

Wiki mbili zilizopita mlitoa makala ya vijana wanaopiga hela mtandaoni, mkamsifia kijana mmoja mwenye blogu kwamba anapata hiti milioni mbili kwa mwezi, halafu chini ya picha yake mkaandika kwa herufi nzito kabisa kwamba ana wasomaji milioni mbili. Nikaweka kikombe chini. Na kijana mwenyewe sina ugomvi, namuombea heri, ugomvi wangu ni na hiyo hesabu, maana mmezitoa hiti mkazigeuza watu na hakuna mtu hata mmoja hapo ofisini aliyeuliza hiti ni mdudu gani.

Basi hiti ni kila kitu ambacho seva, ile kompyuta inayotunza blogu, imeombwa itoe. Mtu akifungua ukurasa wenye picha 20, seva inatoa ukurasa wenyewe, inatoa hizo picha 20, inatoa faili la rangi na mpangilio, inatoa na skripti mbili, vile vijiprogramu vya ukurasa, hapo mtu mmoja tayari kaandikwa hiti 24 na hajasoma hata neno. Ni sawa na mtu amefanya harusi, badala ya kuhesabu wageni anahesabu sahani, vijiko, glasi na vifuniko vya soda, halafu anatangaza watu elfu tano wamekula pilau. Blogu za udaku ndo zimejaa picha kuliko kitu kingine, sasa fikiria.

Na najua yule kijana hiyo namba kaitoa wapi. Ukikodi seva ya kawaida unakuta humo ndani AWStats, programu ya kuhesabu wageni, inakuwekea jedwali la mwezi, kuna safu ya watu tofauti, safu ya ziara, safu ya kurasa, safu ya hiti. Safu ya hiti siku zote ndo nono kuliko zote. Ukiwa na njaa ya matangazo unapiga picha ya skrini hiyohiyo nono, zingine unazikata.

Nasema hivi kwa kuwa hata mimi nilikuwa muongo huyohuyo. Nina blogu ya ufugaji wa kuku na bustani za mboga, nilianza 2009 kwenye Blogger, mtambo wa blogu wa Google, bure kabisa, enzi hizo kila mwenye blogu anaweka kaunta pembeni inayozunguka kama mita ya taksi. Kaunta nyingi zilikuwa zinakuruhusu uanze na namba unayotaka mwenyewe, mi nilianza na 5,000, Mungu anisamehe, watu wakaja wakakuta blogu ina wiki moja na wasomaji elfu tano wakaniona mtu wa maana. Halafu kila nikikaa nafungua kuangalia kama namba imepanda, na kila nikifungua namba inapanda kwa sababu nimefungua mimi. Kuna kitufe Blogger cha kuiambia isihesabu ziara zako mwenyewe, nilikuja kukijua baadae sana, nilivyokiwasha nusu ya wasomaji wangu walikufa siku hiyohiyo. Na hicho kitufe nacho kinakumbukwa kwa kuki, kijifaili cha kumbukumbu ndani ya brauza, ile programu ya kufungulia tovuti, ukisafisha kuki unaanza tena kujihesabu bila habari.

Kisha kuna roboti, programu zinazotembelea tovuti zenyewe bila mtu. Hii mwaka 2014 ilinifanya nimpigie simu mke wangu kazini. Niliamka nikakuta grafu imepaa kama mnazi, wageni mamia kutoka tovuti moja ya nje ambayo sijawahi kuisikia, nikasema leo Mungu kajibu, nikaifungua hiyo tovuti nione walichoandika kunihusu. Hawakuandika chochote. Ulikuwa mchezo tu, wanatuma ziara za uongo ili jina la tovuti yao litokee kwenye ripoti yako na wewe kwa udadisi ukalibofye, yani mimi ndo nilikuwa mteja wao. Na wengine hata kwenye blogu hawaji, wanapiga hodi moja kwa moja kwenye mitambo ya Google wakitaja namba ya akaunti yako, namba zenyewe wanazibahatisha tu kwa mpangilio. Blogu yako imelala, ripoti inacheza ngoma.

Nimetaja Google na wengi wetu ndo tunatumia hiyo Google Analytics, programu yao ya kuhesabu wageni, ngoja niiseme kidogo. Google walinunua kampuni moja ya Marekani ikiitwa Urchin mwaka 2005, mwishoni mwa mwaka uleule wakaitoa bure kwa jina la Google Analytics. Lile jina la zamani bado lipo ukiangalia vizuri, ile mikia mirefu kwenye linki, utm_source na ndugu zake, U ni ya Urchin. Mjomba wangu aliona mkia huo akanipigia kuniuliza kama ni wezi wa mtandao. Hapana mjomba, nilimwambia, ni mimi nataka kujua umetokea wapi.

Na kujua mtu katokea wapi huku kwetu ni kazi kwelikweli kwa sababu ya WhatsApp. Mtu akibofya linki kutoka Google inaandikwa katoka Google, Facebook nayo mara nyingi inajulikana, ila akibofya kutoka WhatsApp mara nyingi brauza haisemi kitu, na programu ikikosa la kuandika inamuandika kuwa amekuja mwenyewe moja kwa moja, kama vile kaandika anwani yote kwa kidole herufi kwa herufi. Nani anaandika anwani siku hizi? Mi kwa miaka nilikuwa najisifu kuwa watu wangu wengi wananijia moja kwa moja, wananijua kwa jina, wamenihifadhi moyoni. Kumbe ni magrupu ya WhatsApp, grupu la wafugaji, grupu la kanisa, grupu la familia ambalo shangazi anafowadi kila kitu hata asichosoma. Nilipoanza kuweka mikia kwenye linki ninazozitoa mwenyewe, mkia mmoja wa grupu, mkia mwingine wa Facebook, ndo nikaanza kuona mwanga, ingawa shangazi akiinakili linki na mkia wake akaipeleka Telegram inaendelea kusema ni WhatsApp. Hesabu ya mtandao ni ya kukisia, nawaambia.

Hata ramani inakisia. Nilikuwa naangalia ramani naona Dar es Salaam ina duara kubwa kama sinia na mikoani hamna kitu, nikaamini wasomaji wangu wote ni watu wa mjini wenye kuku wanne nyuma ya nyumba, nikawa naandika vya kuwafaa hao, banda dogo, harufu isimsumbue jirani. Lakini wanaonipigia simu wako Kibondo, wako Mpanda, wako Namtumbo huko. Ikabidi nimuulize kijana mmoja fundi wa mitandao, akacheka. Programu inakisia mahali kwa kutumia anwani ya IP, ile namba ambayo kifaa chako kinatokea nayo mtandaoni, na ukitumia bando la simu, safari yako ya intaneti mara nyingi inatokea kwenye mitambo ya kampuni ya simu iliyoko Dar, kwahiyo mtu kakaa chini ya mwembe Namtumbo, ripoti inasema yuko Dar. Miaka miwili naandikia watu wasiokuwepo.

Tena programu haihesabu watu, inahesabu vifaa, au tuseme brauza. Mtu mwenye simu na laptopu anaandikwa watu wawili, akisafisha kuki anazaliwa upya wa tatu. Na kwa upande mwingine kuna mzee mmoja ana simu ya mjukuu, wanasomewa familia nzima jioni, hao wote ni mtu mmoja. Kwahiyo hata ile safu ya watu tofauti isikudanganye.

Sasa kusoma je? Hapa ndo patamu na hapa ndo mnapaswa kusikiliza ninyi wa magazeti. Ile Analytics ya zamani ilikuwa inapima muda kwa kuchukua saa uliyofungua ukurasa wa pili, ikatoa saa uliyofungua ukurasa wa kwanza. Mtu akifungua ukurasa mmoja tu akausoma dakika kumi na mbili, akaandika dozi kwenye daftari, akafunga akaenda bandani, hakuna ukurasa wa pili wa kutoa, inaandikwa sifuri. Sifuri! Na inahesabiwa kuwa amechungulia akakimbia. Makala yangu bora kuliko zote ilikuwa na alama mbaya kuliko zote, nikakaribia kuifuta. Hii mpya, GA4, yaani Google Analytics ya nne, angalau inahesabu ziara kuwa ya maana kama mtu amekaa zaidi ya sekunde 10 na ukurasa uko mbele ya macho, au amefungua kurasa mbili, au amefanya kile ulichokitaja wewe kuwa ni muhimu, na inaandika pia mtu akishuka mpaka asilimia 90 ya ukurasa. Sekunde kumi nazo ni ndogo, lakini afadhali.

Mwaka 2014 Tony Haile, aliyekuwa bosi wa Chartbeat, kampuni inayopima usomaji kwa ajili ya vyombo vya habari, aliandika kwenye jarida la Time kwamba katika ziara walizozipima, asilimia 55 watu walikaa kwenye ukurasa chini ya sekunde 15, na kwamba walipolinganisha makala zinazosheawa sana na zinazosomwa sana hawakuona uhusiano. Yani watu wanashea wasichosoma. Shangazi yangu hayuko peke yake.

Nirudi kwenye hiyo makala niliyotaka kuifuta. Niliandika kuhusu kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, wengine wanauita mdondo, kichwa chake nilikiandika kisomi, Namna ya kudhibiti ugonjwa wa mdondo kwa kuku wa asili. Nilijivunia hicho kichwa. Nilipojiunga na Search Console, ambayo nayo ni ya Google ila ni kitu tofauti, inakuonyesha maneno ambayo watu wameandika kwenye kutafuta mpaka wakakuona wewe, nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyeandika mdondo. Wameandika kuku wangu wanaharisha kijani, kuku anapinda shingo dawa gani, kuku wanakufa ghafla nifanyeje, mmoja kaandika naomba msaada kuku wanaisha. Anaiandikia mashine naomba msaada. Watu mamia wananiona kwenye matokeo na hawanibofyi kwa sababu kichwa changu hakisemi wanachokiona bandani. Nikabadilisha kichwa kikawa Kuku wanaharisha kijani na kupinda shingo: huenda ni kideri, na juu kabisa nikaweka ukweli mchungu kuwa kikishaingia hakina dawa, waliobaki wazima ndo wa kuwahi, chanjo tone moja jichoni na urudie kila miezi mitatu. Mpaka leo ndo makala inayonibeba, na wanaoisoma wanarudi baada ya miezi mitatu. Nikiona wanarudi najua wanachanja. Hiyo ndo takwimu niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuona na wala sio kubwa.

Kuna jambo limenikera ambalo mngeliandika lingesaidia vijana kuliko hiyo milioni mbili. Google waliizima ile Analytics ya zamani, tarehe 1 Julai 2023 ikaacha kupokea data, na kuanzia Julai 2024 hata zile za zamani hazifunguki tena. Walitangaza mapema, siwezi kuwalaumu, barua pepe zilikuja nikawa nazifungia macho nikisema data zangu nitazishusha kesho. Kesho ilifika ikapita. Miaka yangu yote tangu 2009 ya nani alisoma nini, mwezi gani watu wanatafuta vifaranga, mwezi gani vitunguu, imekwenda, na nilichobaki nacho ni picha nne za skrini ambazo nilizipiga kwa ajili ya majigambo. Na GA4 nayo ukiiacha ilivyo, data za uchambuzi wa kina inazitunza miezi miwili tu, lazima uingie kwenye mipangilio uchague 14. Mwenye blogu anayesoma hapa aweke gazeti chini akabadilishe sasa hivi, nitamsubiri.

Kwa nini hizo hiti zikapendwa namna hii? Mi nafikiri ni hela, na nafikiri makala yenu iliruka historia. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa atoe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine ya kila mwaka. Blogu za bure zilifungwa kimyakimya, nami nilizima kwa muda nikawa naandika kwenye grupu tu. Ada baadae zikashushwa, lakini waliobaki walishajifunza kwamba blogu lazima ilete pesa, na pesa ni matangazo, na mwenye matangazo anauliza swali moja tu, una hiti ngapi. Kampuni moja ya vyakula vya mifugo ilinipigia, nikawaambia ukweli, watu kama elfu tatu kwa mwezi, wote wafugaji, wengi wanarudi. Yule dada akasema asante kaka tutakupigia. Tangazo lao nililiona baadae kwenye blogu ya mastaa wa Bongo Fleva, chakula cha kuku wa mayai kimekaa katikati ya picha za kigodoro. Sijui waliuza mifuko mingapi.

Niliishia kwa mwenye duka la dawa za mifugo hapa mjini, mzee wa makamo, hajui Analytics wala haitaki. Akasema mimi nitaweka daftari, anayekuja akasema nimekuona kwenye blogu nampunguzia mia tano na naandika jina la kijiji chake. Mwezi wa kwanza daftari lilikuwa na watu 37. Nimelishika kwa mkono, lina madoa ya mafuta, lina mtu katoka Gairo, mwingine Ifakara, mmoja kaandikwa tu mama wa Mlali. Yule mzee analipia tangazo lake kwangu mpaka leo, na ananilipa taslimu.

Lingine ni hili la taarifa za watu. Hizi programu zinamuwekea msomaji kuki na kumfuata anavyotembea, na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, wenzetu Kenya walishakuwa na ya kwao tangu 2019. Blogu ngapi hapa nchini zinamuambia msomaji kwamba anahesabiwa? Mimi nimehamia Matomo, programu nyingine ya kuhesabu wageni, zamani ikiitwa Piwik, unaiweka kwenye seva yako mwenyewe na data hazitoki nje, na nimezima vitu vingi ambavyo sivitumii. Sihitaji kujua mama wa Mlali ana simu aina gani. Nahitaji kujua kama alifika kwenye aya ya chanjo.

Na ninyi wenyewe Mhariri, kwa heshima zote. Habari yenu ya juzi ya bei ya mahindi, aya sita tu, mmeikata kurasa tatu kwenye tovuti, bofya endelea, bofya endelea, kila kubofya picha zinapakia upya na bando langu linaungua, na najua kwa nini, kwa sababu msomaji mmoja anawaandikia kurasa tatu kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Na vile vichwa vya habari vya utashangaa alichofanya, nafungua, nasoma mistari miwili, natoka sijashangaa. Kwenye ripoti yenu naonekana nimekuja. Sekunde nilizokaa mnaziona pia, ziko safu ya pembeni, sema hamziweki kwenye karatasi mnayompelekea mwenye tangazo.

Ningeomba mmuulize tena yule kijana, sio kwa ubaya, awape safu zote sio ile nono peke yake. Wangapi walirudi mara ya pili. Wangapi walifika mwisho wa ukurasa. Huenda ana watu elfu arobaini wazuri kabisa, na hao ni wengi jamani, ukiwajaza uwanja wa Jamhuri hapa kwetu watamwagika mpaka barabarani, hana haja ya hiyo milioni.

Mkiipa nafasi barua hii kwenye karatasi nitashukuru. Mkiiweka na kwenye tovuti, naomba sana isikatwe kurasa tatu.

Mfugaji na mwandishi wa blogu,
Kihonda, Morogoro